Mbao Mbili na Bawaba

Kiharusi kilimkuta baba shambani mwezi wa Machi. Nilifunga kazi yangu ya kupiga picha za harusi mjini, nikarudi Kondoa na begi la kamera ambalo sikudhani ningelifungua. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza sharti ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi inachubuka na kufanya vidonda. Mama alishika mchana, mimi usiku. Baada ya kumgeuza nilitoka kukaa uani, kwa sababu ndani nilikuwa naihesabu kila pumzi yake.

Kiangazi cha kwetu hakina wingu. Mwezi wa Juni, taa za majirani zikishazimwa, ule mkanda wa nyota uitwao Njia Nyeupe unapita juu ya paa, na Nge amejikunja katikati yake. Usiku mmoja nilitoa kamera, nikaiweka kwenye tripodi na lenzi ya milimita 50, nikaiacha wazi kwa sekunde 30. Kila nyota ilitoka kama mkwaruzo. Dunia inazunguka, na kwa hiyo anga inahama nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi ya aina hiyo, ukizidisha sekunde nane au kumi nyota haiwi tena nukta. Na sekunde nane hazitoshi kukusanya nuru hafifu, ambayo ndiyo hasa mtu anayoitafuta.

Dawa yake ni kifaa ambacho mpaka leo nakistaajabia kwa usahili wake. Mwaka 1975 Mskoti mmoja, George Haig, alichapisha mchoro wa mbao mbili zilizofungwa bawaba upande mmoja kama kitabu. Ubao wa chini unakaa kwenye tripodi, wa juu unabeba kamera. Bolti inapenya ubao wa chini na kuusukuma wa juu taratibu, na kitabu kinafunguka kwa mwendo uleule wa anga. Hakuna injini wala umeme. Akili yote imo katika kipimo kimoja: kwa bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, kila mzunguko mmoja huinua ubao milimita 1, basi bolti ikikaa milimita 229 kutoka kwenye bawaba, mzunguko mmoja kwa dakika unalingana na mzunguko wa dunia. Niliirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye daftari, na kila mara ilitoka vilevile. Nadhani ndiyo furaha ya kwanza niliyoipata tangu Machi.

Fundi seremala wa sokoni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Bawaba inacheza au haichezi?" Alikuwa amekwenda moja kwa moja penye roho ya kitu. Bawaba ikilegea hata unywele mmoja, nyota zinayumba. Alijaribu tatu, akazikataa zote. Ya nne aliipaka mafuta, akaifungua na kuifunga karibu na sikio lake, akatikisa kichwa kukubali. Mbao alichagua mninga uliokauka siku nyingi, usiopinda kwa baridi ya usiku. Nati aliizamisha kwenye ubao kwa patasi, polepole, akipima baada ya kila pigo. Alipomaliza, milimita 229 zilikuwa 229.

Shida iliyobaki ilikuwa ya huku kwetu. Bawaba sharti ielekee ncha ambayo anga yote inaizunguka. Maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao ncha yao iko juu angani na ina nyota ya kuionyesha. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Ncha yetu ya kusini imelala nyuzi 5 tu juu ya upeo, nyuma ya vilima, na haina nyota ya maana. Kwa hiyo bawaba inalala karibu sambamba na ardhi. Kusini nilikutafuta kwa kijiti na kivuli: unachora duara kuzunguka kijiti, unaweka alama pale ncha ya kivuli inapoligusa asubuhi, na nyingine inapoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki na magharibi. Unaoukata kwa pembe mraba ndio unaoutaka.

Hata hivyo usiku wa kwanza niliweka bawaba mashariki badala ya magharibi, ubao ukainuka kinyume na anga, na mikwaruzo ikawa mirefu maradufu. Niliigeuza usiku uliofuata.

Baada ya hapo ni mkono tu. Robo mzunguko kila sekunde 15, bila kusukuma, bila kuegemea, pumzi imeshushwa. Lenzi imelengwa kwa nyota angavu iliyokuzwa kwenye kioo cha kamera, na pete yake imebanwa kwa selotepu isihame. Dakika moja, picha moja. Unarudia mara 36. Halafu unafunika lenzi na kupiga picha za giza tupu kwa muda uleule na baridi ileile, ili kompyuta ijue makosa ya kamera yenyewe na kuyatoa. Picha moja ina chenga tele. Lakini chenga hubadilika kila picha na nyota haibadiliki. Ukizipanga 36 juu kwa juu, chenga zinapungua mara sita kulinganisha na nuru. Kinachobaki kilikuwepo tangu mwanzo.

Mwezi wa Agosti nilikielekea Kilimia, kishada cha nyota kinachochomoza baada ya usiku wa manane na kufika juu vizuri saa kumi. Mwaka 1885, mjini Paris, ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, waliokuwa wakisaga lenzi zao wenyewe, walipiga picha ya nyota hizo na kukuta ukungu kando ya mojawapo, ambao hakuna jicho lililokuwa limewahi kuuona. Nami niliuona ukitokeza kwenye kompyuta alfajiri, buluu hafifu kama moshi wa udi. Nuru hiyo ilianza safari yapata miaka 440 iliyopita, Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Baba ndiye aliyetufundisha Kilimia, maana kwa mkulima jina lenyewe ni amri. Alikuwa akitusimamisha uani tuhesabu: sita, na mwenye macho makali, saba. Niliisogeza kompyuta mbele yake. Maneno yalikuwa hayajamrudia sawasawa, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Aliutazama mwanga ule muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye kioo na kuanza: moja, mbili, kwa midomo, bila sauti. Alipita sita. Akapita saba. Kwenye kumi na tisa saa ya kumgeuza ikawa imefika, nikainuka kumshika bega. Akaniashiria kwa mkono ningoje.