Tulicheka Juba, Tukasahau Gety



Siku ya tano, tarehe 5 Septemba 2025, Leopards walipiga Sudan Kusini 4-1 pale Juba. Sisi hapa Aveba tulikuwa tumejazana mbele ya televizyo moja, jenereta inalia nje, na kila goli likiingia nyumba inataka kubomoka. Rafiki mmoja akasema kwa sauti: "Ile haiko ekipe, iko wakimbizi tu!" Tukacheka wote. Mimi nilicheka kushinda wengine, hata nikaweka maneno yale kwenye WhatsApp yangu.

Usiku ule dada mmoja niliyesoma naye Bunia, mtu wa Aru, akaniandikia: "Kule kwetu Biringi wakimbizi wa Sudan Kusini nao wamefuata ile mechi. Na wewe, 2006, mulipokimbilia Gety, mulikuwa nini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka ule nilikuwa mtoto wa kubebwa mugongoni. Nikafuta yale maneno, kisha nikaanza kutafuta historia ya ile ekipe tuliyoicheka. Leo nataka kutukosoa, na nianze na mimi mwenyewe.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. FIFA iliipokea Mei 2012, na tarehe 10 Julai mwaka ule ikacheza mechi yake ya kwanza, 2-2 na Uganda, pale Juba. Desemba 2013 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza. Mwaka ule ule ekipe ilikuwa imeshuka mpaka nafasi ya 205 duniani, karibu na mwisho kabisa wa orodha.

Sasa sikilizeni hii. Februari 2015, kwenye CAN, sisi Wakongo tulicheza na Guinea ya Ikweta kutafuta nafasi ya tatu. Dakika zote 0-0, tukashinda kwa penalti. Tulicheza ngoma mpaka asubuhi. Miezi saba baadaye, tarehe 5 Septemba 2015, Guinea ya Ikweta ileile ilienda Juba, na Sudan Kusini ikaipiga 1-0, bila penalti, nchi yao ikiwa ndani ya vita. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika mechi ya mashindano. Hesabuni tarehe: miaka kumi kamili, siku kwa siku, kabla ya jioni ile tuliyocheka.

Kwa hiyo nafasi kwenye orodha haisemi yote. Lakini nisikimbilie upande wa pili pia, ule wa huruma. Kuna watu wanasema: "Maskini, ni vita tu." Hapana. Nchi ileile, yenye vita ileile, ilipeleka ekipe ya basketi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, ikapiga Puerto Rico. Wachezaji wengi wa ekipe ile walikulia Marekani, Australia na kwingine, mahali ambapo mtoto anakuta kiwanja, kocha na mashindano kila juma. Kwa upande wa mupira, Awer Mabil alizaliwa kambini Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Juni 2022 alifunga penalti ya mwisho ya Australia dhidi ya Peru, na Australia ikaenda Kombe la Dunia. Kule Qatar alikuwa pamoja na Thomas Deng na Garang Kuol, nao wenye asili ya Sudan Kusini. Damu ileile! Tofauti ni mahali walipolelewa.

Kipaji hakikukosekana. Kilichokosekana ni kitu cha kukilea. Hata Novemba 2020 Sudan Kusini ilipoipiga Uganda 1-0, mechi ile ya "nyumbani" ilichezwa Nairobi. Ekipe isiyo na kiwanja kwake itamlea nani?

Tena orodha yenyewe inamkandamiza aliye chini. Katika kutafuta Kombe la Dunia 2022, nchi za chini Afrika zilianzia kwenye mechi mbili za kuchujana. Sudan Kusini ikatoka 1-1 na Guinea ya Ikweta, ikafungwa 1-0 kule ugenini, basi. Dakika 180, safari imekwisha. Ni kama mwanafunzi anayepewa mtihani mmoja kwa miaka mine, halafu tunamwita mjinga. Kwa Kombe la 2026 walipanga makundi kwa kila nchi, ndiyo maana Juba ilikutana na Senegal na sisi pia. Ile 4-1 inauma, lakini ni masomo waliyokuwa wananyimwa.

Na sisi ni nani wa kucheka? Mwaka 1974 Zaïre ilifungwa 9-0 na Yugoslavia, na mpaka leo dunia inacheka. Wachache wanakumbuka kwamba wachezaji wale walisema hawakulipwa pesa walizoahidiwa. Aliyewahi kuchekwa hivyo anapaswa kuuliza kwanza: huyu ametunzwa namna gani?

Swali hilo linarudi hapa kwetu. Tarehe 28 Februari 2020, pale Gety, serikali na FRPI walitia sahihi mapatano. Tulisema vijana watoke porini. Watoke waende wapi? Jioni ile ya mechi tulichanga pesa ya mafuta ya jenereta bila mtu kunung'unika. Lakini watoto wa hapa wanacheza na mupira wa makaratasi na kamba, na sisi wenye diplome tunapita pembeni na telefone mikononi, tunabishana kuhusu Wissa na Bakambu. Hatujawahi kuwachangia hata mupira mmoja.

Dada wa Aru nilimjibu baada ya siku tatu. Nilimwandikia tu: "Una haki." Akaniuliza: "Sasa mutafanya nini?" Juma hili tumeanza mchango, watu saba, mipira miwili na neti. Ni kidogo, najua.

Na kwenu, kiwanja kiko? Nani anakifyeka? Andikeni hapa chini, tusomane.