Bahari Isiyo na Safari

Michezo ya video haijazoeleka katika kurasa za ushairi, na wako watakaouliza ina haki gani ya kukaribishwa humu. Jawabu ni kwamba mchezo, kama utenzi, huundwa na fundi ili upitiwe tangu mwanzo hadi mwisho, na ladha yake hutegemea mwendo wa anayeupitia. Tena, kama utenzi, nao hupotea. Uchunguzi uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation ya Marekani ulionesha kwamba katika kila michezo 100 ya zamani iliyowahi kuuzwa nchini humo kabla ya mwaka 2010, 87 haipatikani tena madukani.

Kwa sababu hiyo, kazi iliyoanzishwa na mtaalamu wa programu Jasper St. Pierre inastahiki kutazamwa kwa makini. Tovuti yake, noclip.website, hujiita makumbusho ya viwanja vya michezo ya video. Mgeni wake hahitaji mtambo wa kuchezea wala diski. Hufungua kivinjari cha kompyuta, huchagua jina katika orodha, na mara kiwanja kizima hujengeka mbele ya macho yake. Kwa vitufe na kipanya huruka apendako: juu ya mapaa, chini ya sakafu, kati kwa kati ya kuta. Jina lenyewe ni la amri iliyokuwamo katika mchezo wa Quake wa mwaka 1996, amri ambayo ilimwezesha mchezaji kupenya ukuta mfano wa jini.

Tovuti hii haiuchezeshi mchezo. Husoma mafaili yake ya asili, yenye maumbo, rangi na nuru, kisha huyachora upya. Faida yake kwa mpenzi wa sanaa ni kubwa. Anayezunguka nyuma ya mlima huweza kukuta kwamba hauna nyuma: upande ambao mchezaji hakutarajiwa kuuona haukuundwa kamwe. Hiyo haikuwa hila ya mvivu. Kumbukumbu kuu ya mtambo wa GameCube ilikuwa megabaiti 24 tu, na kila kipande kilichochorwa bure kilikula nafasi ya kipande chenye kazi. Mshairi aliyefungwa na mizani ataielewa mara moja nidhamu hiyo, kwani naye huacha neno zuri lisilo na nafasi katika mshororo.

Hata hivyo, jicho lisilozuiwa na ukuta huweza pia kukosa kitu. Kipimo kizuri cha jambo hili ni The Legend of Zelda: The Wind Waker, mchezo wa kampuni ya Nintendo ulioongozwa na Eiji Aonuma na kutolewa Japani Desemba 2002. Ni hadithi ya visiwa. Kijana Link huondoka kisiwani kwao kumtafuta mdogo wake wa kike aliyenyakuliwa na ndege mkubwa. Husafiri kwa mashua yenye kusema, katika bahari iliyogawiwa miraba 49, saba kwa saba, na kila mraba una kisiwa chake. Tanga hutaka upepo wa nyuma. Ukiwa wa mbele, mchezaji huugeuza kwa kijiti mfano wa kile cha kiongozi wa bendi. Kisiwa huanza kama kivuli kwenye upeo, kisha huwa jabali, kisha huwa mti na mlango wa nyumba.

Ndani ya makumbusho, bahari hiyo yote hufunguka kwa pamoja, na jicho huweza kuivuka katika muda wa pumzi chache. Atazamaye hivyo huona kwamba visiwa vingi ni vidogo mno, na kwamba maji ni mapana kuliko yote yaliyojengwa juu yake. Hapo ni rahisi kuamua kwamba bahari ile ni tupu. Ni kweli pia kwamba wachezaji wengi walilalamikia urefu wa safari, hata toleo la mwaka 2013 la mtambo wa Wii U likaongezewa tanga la kasi. Lakini wakaazi wa mwambao hawahitaji kuelezwa masafa ya maji hufanya nini moyoni mwa msafiri. Mraba mtupu uliovukwa kwa kungoja ndio ulioufanya mwamba mdogo uonekane nchi kavu. Ukiuondoa muda ule, kinachosalia ni ramani.

Mchezo wenyewe una mfano unaofaa kuisema hali hii. Chini ya bahari umezama ufalme wa Hyrule, na visiwa ni vilele vya milima yake. Link anaposhuka huko mara ya kwanza huikuta kasri imeganda katika nukta moja ya wakati: haina rangi, na maadui wamesimama kama sanamu. Akishauchomoa upanga uliochomekwa chini ya kasri hiyo, rangi hurejea na wakati huanza kwenda. Viwanja vya noclip.website viko katika hali ya kwanza. Rangi zimo, mawimbi yanacheza, lakini hakuna kinachomngojea yeyote, kwa kuwa hakuna wa kuuchomoa upanga.

Jambo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Miswada ya tenzi za kale, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, imehifadhiwa katika maktaba, ikiwemo ya SOAS mjini London. Beti zimesalimika, lakini mahadhi yaliyobebwa na koo za waliozighani hayamo katika karatasi. Aliyehifadhi muswada hana lawama. Bila yake hata beti zisingekuwepo. Lawama ni ya anayeusoma kimya akadhani ameusikia utenzi.

Kwa hiyo makumbusho haya yashukuriwe, na yasibebeshwe yasiyoyaweza. Mwishoni mwa The Wind Waker, mfalme wa Hyrule huchagua kuzama pamoja na ufalme wake, ili vijana waende kutafuta nchi yao wenyewe. St. Pierre na wenzake wameikataa hukumu hiyo, wakayatoa majumba majini ili yatazamwe. Kuta zimeokoka. Namna zilivyokuwa zikimzuia mtu, alivyopotea kwa sababu yake, na alichohisi mlango ulipofunguka, hayo yamo vifuani mwa waliocheza, nao wangali hai. Inafaa wayaandike kabla hayajazama.