Sauti Juu ya Picha: Sifa za Mtafsiri wa Filamu

Katika miji ya Afrika Mashariki, maoni kuhusu filamu hayasubiri picha iishe ndipo yaanze kutolewa, kwa kuwa mara nyingi yamo ndani ya filamu yenyewe, yakitamkwa na mtu ambaye hakuiandika, hakuiongoza wala hakuiigiza. Mtu huyo ni mtafsiri wa filamu. Musoma, Bunda na Butiama, kama kwingineko nchini Tanzania, swali la filamu gani ya kutazama huambatana na swali la nani ameitafsiri, na jibu la swali hilo la pili linaweza kuamua kama filamu itatazamwa au itaachwa. Insha hii inaisifu kazi hiyo kwa hoja moja: kwamba mtafsiri wa filamu ni mhakiki, na kwamba uhakiki wake, unaotolewa papo kwa papo kwa lugha ya watu, ni sanaa inayostahili kuheshimiwa na kuhifadhiwa.

Ni vema istilahi zielezwe kwanza. Mtafsiri, kwa maana inayotumika mitaani, si yule anayeandika maneno chini ya picha, wala si kundi la waigizaji wanaogawana sauti studioni. Ni mtu mmoja anayeipunguza sauti ya asili, akaiweka yake juu, na kwa koo moja akamsemea steringi, adui, mama mzazi na askari wa doria. Steringi ni mhusika mkuu, ambaye wataalamu wa fasihi simulizi wangemwita jagina, yaani shujaa ambaye hadhira inamtarajia ashinde. Kibanda umiza ni chumba cha kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo, chenye mabenchi na hewa haba, na jina lake linakiri adha ya kubanana humo. Fanani, katika fasihi simulizi, ni msanii anayetunga na kutenda mbele ya hadhira yake. Na mtafsiri wa filamu, ingawa hadhira yake imekaa mbele ya kioo, ni fanani kwa kila kipimo, kwa sababu anaisimulia hadithi upya kila anapokishika kipaza sauti.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Nchini Japani, katika enzi ya filamu zisizo na sauti, wasimulizi walioitwa benshi walisimama kando ya pazia na kuwasemea wahusika wote, na umaarufu wa baadhi yao ulishindana na ule wa waigizaji. Katika Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, na maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri na kuchezwa sambamba na picha. Sauti ile ilikuwa sauti ya serikali: ilimwambia mkulima kilimo kipi ni kizuri na tabia ipi ni mbaya, naye hakuwa na nafasi ya kuijibu. Miongo kadhaa baadaye kipaza sauti kilihama mikono. Nchini Uganda waliibuka wasimulizi wanaojulikana kwa Kiganda chao chepesi. Kenya ikampata DJ Afro, ambaye Kiswahili chake cha mtaani kimewafurahisha wengi. Na Tanzania ikampata Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake imebaki kuwa kielelezo ambacho waliomfuata hupimwa nacho. Tofauti kati ya santuri ya Vugiri na sauti ya Lufufu haipo katika mitambo, bali katika uhusiano: ya kwanza ilitoka juu kwenda chini, ya pili inatoka ubavuni, kwa mtu aliyekaa upande wa watazamaji.

Ukaaji huo wa upande mmoja na watazamaji ndio chimbuko la ufundi wenyewe, na mfano wake mzuri ni filamu ya Kihindi ya Sholay, ya mwaka 1975, ambayo imetazamwa kwa vizazi kadhaa katika pwani na bara. Humo rafiki wawili, Jai na Veeru, hukata shauri kwa kurusha sarafu, na mtazamaji hagundui hadi mwishoni kabisa, Jai anapokuwa amekwisha kufa, kwamba sarafu ile ilikuwa na sura moja pande zote mbili, na kwamba Jai alijichagulia hatari ya mwisho ili mwenzake asalimike. Mtafsiri anayeifahamu filamu anaijua siri hiyo tangu sarafu inaporushwa mara ya kwanza. Akiitoa mapema, anaiua hadithi. Akinyamaza kabisa, huenda kioo kidogo na picha iliyochakaa vikamnyima mtazamaji wa nyuma nafasi ya kuelewa kilichotokea. Mtafsiri hodari hupita katikati: huitaja sarafu kila inapotokea, huikumbusha hadhira kwamba Jai ana bahati ya ajabu, kisha mwishoni huiacha sarafu iseme yenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa lini kusema na lini kunyamaza ni uamuzi wa kihakiki, kwa maana unatokana na maoni kuhusu kilicho kiini cha filamu. Tena, kwa watazamaji waliozoea kuambiwa kwamba steringi hafi, kifo cha Jai ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo hayo hayawezi kutolewa na mtu asiye na msimamo wake juu ya urafiki, uaminifu na deni la damu.

Msimamo huo hubadilika kulingana na mahali, na hapa Musoma inatoa somo ambalo miji iliyo mbali na maji haiwezi kulitoa. Filamu ya Titanic ilitoka Desemba 1997, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya meli ya MV Bukoba kuzama katika Ziwa Viktoria, tarehe 21 Mei 1996, na kuwapoteza mamia ya abiria. Kwa mji uliojengwa kwenye rasi ya ziwa hilohilo, ambako uvuvi na safari za majini ni sehemu ya riziki, filamu ile haikuweza kuwa hadithi ya mapenzi ya vijana wawili peke yake. Maji yanayopanda ngazi, milango iliyofungwa kwa abiria wa daraja la chini na wanamuziki wanaoendelea kupiga vyombo meli ikiinama ni mambo yaliyowakuta watazamaji wakiwa na msiba wao wenyewe. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, msiba huo ulipata tabaka jingine. Mtafsiri anayesimulia filamu ya namna hiyo kwa watu wa ziwa ana wajibu wa kujua mahali pa kuacha utani. Utani ni chumvi ya kazi yake na humsaidia kuubeba uzito wa filamu ndefu, lakini chumvi ikitiwa katika kidonda hugeuka kuwa ukatili. Adabu ya mtafsiri hupimwa hapo kuliko mahali pengine popote.

Bunda nayo ina somo lake. Mji huo uko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, jirani na ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Kijerumani ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambaye alikufa kwa ajali ya ndege mwaka huohuo kabla ya kazi kukamilika. Filamu hiyo, iliyotangaza kwamba Serengeti haitakufa, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi na kuifanya mbuga hiyo ijulikane duniani kote. Mapenzi yake kwa wanyama ni ya kweli na mchango wake katika uhifadhi hauwezi kubezwa. Hata hivyo, aliyeshika kipaza sauti ndiye aliyechagua majina ya vitu: mtu mwenye mtego wa waya aliitwa jangili, ilhali katika kaya za Waikoma na majirani zao uwindaji ulikuwa maarifa yaliyorithiwa kwa vizazi. Picha zilezile, zikisimuliwa kwa Kiswahili na mtu wa Bunda, zingebaki na nyumbu walewale na nyanda zilezile, lakini swali la nani mwenyeji na nani mgeni lingeulizwa kwa namna nyingine. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba sauti juu ya picha si pambo, bali ni hukumu.

Anayedhani kwamba hukumu ya namna hiyo ni utovu wa uaminifu wa mtafsiri anapaswa kufika Butiama. Hapo alizaliwa mwaka 1922, na hapo alizikwa mwaka 1999, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye pamoja na uongozi wake alikuwa mfasiri wa Shakespeare. Tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1963, na alipoirudia mwaka 1969 jina la tamthilia likawa Juliasi Kaizari, likiwa limevikwa sauti za Kiswahili. Mwaka huohuo alitoa tafsiri ya tamthilia inayomhusu mfanyabiashara mmoja wa Venice, lakini hakuiita jina linalomaanisha mfanyabiashara. Aliiita Mabepari wa Venisi. Neno moja la umoja likawa la wingi, na neno la kazi likawa neno la mfumo, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha kutangaza siasa ya ujamaa. Huo ni uhakiki mzima uliowekwa katika jalada. Mwalimu alimwambia msomaji, kabla ya ukurasa wa kwanza, kwamba tatizo la mji ule si mtu mmoja mwenye tamaa bali ni uhusiano wa watu na fedha. Mtafsiri wa filamu anayemwita tajiri wa kwenye kioo fisadi, au anayesema kwamba askari yule amenunuliwa, anafanya kwa sekunde mbili kile ambacho Mwalimu alikifanya kwa kichwa cha kitabu.

Kazi hii haikosi dosari, na sifa isiyozitaja haina uzito. Wapo watafsiri wanaoijaza kila sekunde kwa maneno hadi muziki na ukimya wa filamu vikapotea. Wapo wanaowadhihaki wanawake kwa sababu kicheko cha haraka ni rahisi kukipata. Na filamu nyingi zimetafsiriwa na kuuzwa bila idhini ya wenye mali, jambo linalokinzana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini dosari hizi zinadai malezi, si kufutwa kwa sanaa yenyewe. Vituo vya televisheni vimekwisha kuonyesha kwamba kazi inaweza kufanyika kihalali: mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo tamthilia kutoka nchi mbalimbali zimefuata njia hiyo. Kilichopungua katika kazi hizo safi ni ile sauti moja yenye maoni, inayothubutu kumwambia mtazamaji kwamba hapa mhusika amekosea.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayopaswa kufanywa. La kwanza ni kuwapa watafsiri wa filamu njia nafuu ya kupata idhini, ili ufundi wao utoke kwenye kificho. La pili ni kukusanya rekodi za zamani, ambazo ziko kwenye kanda zinazoliwa na ukungu, na kuziweka mahali wanafunzi wa Kiswahili wanapoweza kuzisikiliza. Msomaji naye ana sehemu yake, iliyo ndogo lakini si ya kudharauliwa: anaposimulia filamu aliyoipenda, amtaje pia aliyeitafsiri. Mabepari wa Venisi inasomwa hadi leo chini ya majina mawili, la aliyeitunga na la aliyeifasiri; filamu iliyosimuliwa vizuri kwa Kiswahili inastahili heshima hiyohiyo.