Nati Sita au Nati Tano: Kuchagua Land Cruiser Iliyotumika kwa Njia za Kasongo na Kabambare

Anayetafuta Land Cruiser iliyotumika huanza kwa kuuliza mwaka. Muuzaji naye hujibu kwa mwaka, na bei hupanda kadiri mwaka huo unavyokaribia leo. Kwa njia zetu za Nyangwe, Kasongo na Kabambare, naliona swali hilo kuwa la mwisho. La kwanza ni hili: gari likizimika porini mwezi wa tatu, mvua inapiga na mgonjwa amelala nyuma, je, fundi wa kijiji cha jirani anaweza kuutibu ugonjwa wake kwa spana alizonazo? Jibu limo katika namna Toyota walivyolibadilisha gari hili, sehemu moja baada ya nyingine. Mnunuzi anayeijua historia hiyo hadanganyiki kwa rangi mpya wala viti vilivyoshonwa upya.

Magari mengi hukua kwa kuachana na yaliyotangulia. Ford Mustang, gari la michezo la Wamarekani lililoingia sokoni mwaka 1964, lilifikia kizazi cha saba mwaka 2023, na kila kizazi kilikuja na umbo lake na vyuma vyake. Anayenunua Mustang ya zamani huchagua kizazi. Land Cruiser 70, inayozungumziwa hapa, si hivyo: ilitoka Novemba 1984, na hadi leo bado inatoka kiwandani ikiwa na mifupa ileile: chasisi nzito iliyoundwa kama ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, bodi ya bati iliyonyooka. Yaliyobadilika ni mambo machache, kila moja na mwaka wake. Anayenunua 70 anachagua mabadiliko.

Asili yake inaeleza ugumu wake. Mwaka 1951, vita vya Korea vikiendelea, Toyota walijenga gari la magurudumu manne yenye nguvu lililoitwa BJ, wakishindana na Jeep ya Wamarekani. Julai mwaka huohuo dereva wao, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani wakalichukua kwa doria. Jina Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Mwaka 1960 ikaja 40, iliyoenea Afrika nzima, na baada yake 70. Tangu mwanzo gari lilipimwa kwa mlima na tope, na wahandisi wake hawakukiondoa kitu kinachofanya kazi ila kwa sababu nzito.

Mabadiliko matatu ya kuyajua

La kwanza ni la Januari 1990, pale injini ya 1HZ ilipoingia. Ni dizeli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, bila turbo, yenye nguvu za farasi zipatazo 130. Hiyo si nguvu nyingi kwa gari lenye uzito huo, na kwenye mlima wenye utelezi dereva atalazimika kurudi gia ya pili mapema. Lakini nguvu hiyo hutoka chini, injini ikizunguka polepole, na pampu yake ya dizeli hufanya kazi kwa chuma na mafuta tu, bila kompyuta. Gari refu la wakati huo ndilo HZJ75.

La pili ni la mwaka 1999. HZJ78, yenye bodi iliyofunikwa, na HZJ79, pick-up, zilichukua nafasi ya 75. Mbele, springi za bamba ziliondolewa zikawekwa za koili, na za bamba za nyuma zikarefushwa. Safari ikawa laini zaidi, jambo kubwa kwa mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Wakati huohuo nati za gurudumu zilipungua kutoka sita hadi tano. Hapo mnunuzi amepata kipimo kisichohitaji karatasi: inama kwenye gurudumu uhesabu. Nati sita ni 75, yenye springi za bamba mbele. Nati tano ni 78 au 79. Muuzaji akikwambia gari ni la 2002 na gurudumu lina nati sita, basi ama mwaka ni wa uongo, ama ekseli zimetoka gari jingine.

La tatu ni la mwaka 2007. Sehemu ya mbele ilipanuliwa ili kuingiza injini ya V8 ya dizeli yenye turbo, 1VD-FTV, ya lita 4.5. Injini hiyo ilikwenda zaidi Australia na kwa wenye fedha, huku Afrika ikiendelea kupata 1HZ ndani ya pua hiyohiyo pana. Kwa hiyo pua pana peke yake haikuambii injini iliyo ndani. Fungua boneti. Tena kwenye V8 magurudumu ya nyuma yamekaa ndani zaidi kuliko ya mbele kwa takriban sentimita 9.5 kwa jumla. Kwenye lami hutalisikia hilo. Kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za mbele, na gari hujichimbia njia mara mbili.

Mazuti ya bidoni

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Mazuti, yaani dizeli yetu, husafiri katika mapipa na bidoni, hushuka na kupanda mara nyingi, na mwisho huuzwa na akina Kadafi, wauzaji wa mafuta wa kando ya njia. Maji na vumbi huingia humo hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Katika 1HZ, nozeli hunyunyiza dizeli ndani ya chumba kidogo kilichochongwa kwenye silinda hedi. Moto huwaka humo kwanza, kisha hutoka kusukuma pistoni. Kwa kuwa chumba hicho husaidia kuchanganya hewa na dizeli, nozeli haihitaji shinikizo kubwa: hufunguka kwa bar zipatazo 150. V8 hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni kwa shinikizo linalopita bar 1,000. Ili kuhimili hilo, vyuma vya pampu na nozeli zake vimesagwa kwa usahihi usiovumilia hata tone la maji, na kompyuta ndiyo inayoamua kila mnyunyizo.

Sasa tazama ajali ileile ikitokea kwa magari mawili. 1HZ ikinywa maji hukohoa, hupoteza nguvu na kuzimika. Fundi hulegeza kifuniko kidogo chini ya filta, maji hutoka mpaka dizeli safi ionekane. Hukifunga, hupampu kwa kiganja kile kitufe kilicho juu ya filta mpaka kiwe kigumu, hulegeza nati za mabomba kwenye nozeli, huzungusha starta mpaka povu liishe, hukaza, na injini huwaka. Kazi hiyo yataka spana mbili na subira. V8 ikinywa maji hayohayo, nozeli zinaweza kufa kabisa. Hakuna wa kuzipima Kasongo, na kompyuta ya kusoma hitilafu huenda iko Bukavu au Lubumbashi. Gari lililo jipya zaidi kwa miaka kumi litalala chini ya mwembe likisubiri ndege ilete spea.

1HZ nayo ina mambo mawili ya kuogopwa. La kwanza ni joto. Ikikosa maji ya kupoza na dereva akaendelea kukanyaga, silinda hedi hupasuka, na hatari huongezeka kwa injini iliyofungwa turbo isiyokuja nayo kiwandani. Turbo ya namna hiyo huuzwa kama sifa, nami naihesabu kuwa kasoro. La pili ni mkanda wa taimingi. Una umri wake, na kwa kawaida hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo hakuna ufundi wa porini utakaokuokoa.

Namna ya kulikagua

Nenda alfajiri na umwombe muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Gusa boneti. Kama ni ya moto, jua injini imekwisha kupashwa ili iwake vizuri mbele yako, na rudi siku nyingine. Geuza ufunguo bila kuwasha na utazame taa za dashibodi. Ile iliyoandikwa T-BELT ni ya kukumbusha mkanda. Lazima iwake hapo na izime injini inapoanza kuzunguka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa ili isikusumbue. Mwulize mkanda ulibadilishwa lini na nani. Kama hana jibu, hesabu mkanda mpya kuwa sehemu ya bei.

Injini ikiwaka, tazama moshi. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi, unaokoma upesi, si tatizo. Wa bluu usiokoma maana yake mafuta ya injini yanaungua. Fungua kifuniko cha kujazia mafuta ya injini: hewa ikisukuma kwa nguvu kwa mpigo, pete za pistoni zimechoka. Kabla injini haijapata moto, fungua pia kifuniko cha rejeta. Mapovu yasiyokoma au utando wa mafuta juu ya maji ni dalili ya hedi iliyopasuka au gasketi iliyoungua, na hapo aga kwa heshima uondoke.

Halafu lala chini. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna kichwa cha mviringo cha chuma ambamo ekseli hukunja kona. Kikilowa mchanganyiko mwembamba wa grisi na oili, sili za ndani zimekufa na oili ya difu inaosha grisi ya jointi. Si ugonjwa wa kuua, ila ni kazi ya kutwa nzima na punguzo la bei. Chasisi ndiyo ya kuogopa. Fuata kwa kidole na tochi pale springi za nyuma zinapofungwa na pale boksi la usukani lilipokaa mbele, ukitafuta ufa au welding iliyopakwa rangi nyeusi mpya. Pick-up iliyobeba mizigo ya machimbo ya Salamabila na gari lililobeba wagonjwa wa eneo la afya yanaweza kuwa na mwaka mmoja na kilomita zilezile, lakini chasisi zake hazijaishi maisha yale yale. Uliza gari lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya kuuliza limetembea kilomita ngapi.

Mwisho, soma. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia mbele. Ilinganishe na kibati kilicho ndani ya boneti na carte rose, hati ya usajili wa gari. Kwenye kibati utaona jina la modeli: HZ ni injini ya 1HZ, J ni Land Cruiser, na L inayofuata namba, kama katika HZJ78L, ni usukani wa kushoto. Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo gari lililopitia Tanzania au Zambia likiwa na usukani wa kulia litakufanya uombe msaada wa abiria kila unapotaka kulipita lori. Na magari mengi ya 78 na 79 huku Mashariki yaliletwa na mashirika na misheni kwa msamaha wa ushuru. Msamaha huo ni wa aliyeliingiza, si wa gari. Dai hati ya DGDA, mamlaka ya forodha, inayoonyesha ushuru umelipwa kabla hujatoa fedha, maana deni hilo litamfuata mwenye gari.

Uamuzi

Nikiulizwa na mfanyabiashara wa mchele au mawese, au na kituo cha afya cha Nyangwe, nitashauri hivi. Chaguo la kwanza ni 78 au 79 yenye 1HZ isiyoongezwa turbo, usukani wa kushoto, nati tano: ina springi nzuri, na kwa zaidi ya miaka thelathini Toyota wameendelea kuuza injini hiyo Afrika, hivyo spea zake ziko. La pili ni 75 ya nati sita, kama chasisi yake ni nzima. Springi zake za bamba zitakutikisa, lakini bamba likivunjika mhunzi anaweza kulitengeneza kutoka kwenye springi ya lori. V8 iachwe kwa anayeishi karibu na mashine ya kuipima.

Na usimalize fedha zote kwa muuzaji. Tenga mapema za mkanda, pampu ya maji, mabomba ya rejeta, sili na beringi za mbele, bushi na filta za kutosha. Vibadilishe vyote kabla ya safari ya kwanza, hata vile vinavyoonekana vizima, ili uanze kuhesabu kilomita zako mwenyewe. Bei iliyokubaliwa ikikuacha bila fedha za matengenezo hayo, gari hilo bado hujaliweza. Ngoja, au tafuta la zamani zaidi lenye chasisi nzima.