Telekonveta haimleti simba karibu

Kwenye jedwali langu la utafiti kuna mstari mmoja ambao safu yake ya jina inasoma "hajulikani" hadi leo. Ni simba jike aliyekuwa amelala kama mita 100 kutoka barabarani, Serengeti, saa tano na nusu asubuhi. Nilimpiga picha zaidi ya 60. Nilikuwa na lenzi ya milimita 400, na nyuma yake nimefunga telekonveta ya 2x niliyoazima kwa rafiki, kwa hiyo nilikuwa na milimita 800 mkononi na nikajiona nimefika. Hakuna hata picha moja iliyoniambia yule ni simba gani.

Nataka tuijadili telekonveta kwa haki, maana inasifiwa sana na watu wanaotaka uinunue, na inapondwa sana na watu walioinunua. Wote wawili wanakosea mahali.

Kama hujawahi kuishika, ni kipande kifupi kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, na ndani yake kuna vioo vichache. Vioo hivyo kwa pamoja vinafanya kazi ya lenzi mbonyeo: miale iliyokuwa inakaribia kukutana inasukumwa ikutane mbali kidogo, na taswira inatoka kubwa zaidi. Waliowahi kuchungulia kwenye darubini ya shule watamkumbuka ndugu yake, lenzi ya Barlow, iliyopewa jina la Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Za kamera zilizozoeleka ni mbili, ya 1.4x na ya 2x. Milimita 400 zinakuwa 560, au 800. Ni hilo tu.

Kwa nini nilihitaji ukubwa huo? Simba wanatambuliwa kwa uso. Mwaka 1970 C. J. Pennycuick na J. Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa vidoa vya sharubu, vile vya giza vilivyopangwa kwa mistari pembeni mwa mdomo. Unaangalia vidoa vichache vya mstari wa juu vimekaa wapi ukilinganisha na mstari ulio chini yake, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kwa sababu pande hizo mbili hazifanani. Mpangilio huo haubadiliki simba akizeeka. Njia ni rahisi na haimgusi mnyama, na inatumika mpaka leo. Sharti lake ni moja: vidoa vionekane. Ni vya milimita chache tu. Na hifadhini huwezi kuacha barabara ukamfuata mnyama porini eti picha yako haijatoka vizuri.

Sasa twende kwenye sifa. Tathmini nyingi za telekonveta, za maandishi na za video, zinafanya mchezo mmoja. Wanakuonyesha ndege aliyepigwa bila telekonveta, mdogo katikati ya picha. Halafu wanakuonyesha ndege yuleyule kwa telekonveta, amejaa. Unashangaa, unatoa pochi. Lakini huo si ulinganisho, bwana. Ulinganisho wa kweli ni kuichukua ile picha ya kwanza, kuikata mpaka ndege awe na ukubwa uleule, kisha kuziweka mbili pembeni kwa pembeni na kuhesabu manyoya. Ukifanya hivyo, mara nyingi tofauti inapungua mpaka unabaki unakodoa macho.

Ebu tupige hesabu, haina ugumu. Kamera yangu ina kihisi kikubwa cha megapikseli 24. Kihisi ni ile sahani ndogo ndani ya kamera inayopokea mwanga, na kwenye yangu kila pikseli ina upana wa mikromita 6 hivi. Kwa lenzi ya milimita 400, pikseli moja inafunika milimita 1.5 za uso wa simba aliye mita 100. Kidoa cha milimita 6 kinapata pikseli 4 kwa upana. Nikifunga 2x, pikseli moja inafunika milimita 0.75, na kidoa kinapata pikseli 8. Hapo telekonveta imeshinda, siyo?

Subiri. Lenzi yangu ni f/5.6, maana yake tundu lake ni milimita 71 kwa upana. Mwanga ni wimbi, na wimbi likipita kwenye tundu linatawanyika kidogo. Hiyo ndiyo difraksheni. Tundu la milimita 71, kwa mwanga wa kijani, haliwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya takriban milimita 0.9 kwa umbali wa mita 100. Kikomo hicho kinawekwa na kioo cha mbele. Telekonveta inakaa nyuma. Inapokea taswira iliyokwisha kuumbwa na kuitanua, pamoja na kasoro zote za lenzi ilizozikuta.

Kwa hiyo faida ipo, ila inategemea nani alikuwa mbovu. Kama pikseli zako ni kubwa na lenzi yako ni kali, lenzi inaleta habari ambazo kihisi kinashindwa kuzichukua, na telekonveta inaziokoa. Kama pikseli zako tayari ni ndogo, mfano kamera za kihisi kidogo zenye megapikseli 24 ambapo pikseli ni kama mikromita 4, sehemu kubwa ya faida hiyo unayo tayari, umeilipia. Na kama lenzi ni ile ya kuvuta ya bei poa ambayo mwishoni mwake picha inalainika, utapata ulaini mkubwa zaidi. Tathmini zinafanywa kwa lenzi za zaidi ya dola 10,000; wanunuzi wengi wanaenda kuifunga kwenye lenzi iliyokuja na kamera. Wengine wanafika nyumbani wanakuta haifungi kabisa. Hata Canon RF 100-500mm, ambayo si lenzi ya kubezwa, inakubali telekonveta kuanzia milimita 300 tu kwenda juu, kwa sababu kipande kile kinaingia ndani ya tumbo la lenzi na kugongana na vioo.

Upande wa pili kuna wapondaji, na hapa ndipo niliumia mimi. Wao wanasema: telekonveta inakula mwanga. Ya 1.4x inakula nusu, ya 2x inakula robo tatu. Namba ni sahihi. Lenzi ya f/5.6 kwa 2x inakuwa f/11. Nikalishika hilo neno "inakula" kama lilivyo, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kuogopa chengachenga za ISO kubwa, niliifungia ISO yangu kwenye 1600. Asubuhi hiyo bila telekonveta ningepiga kwa 1/500 ya sekunde. Kwa telekonveta, kamera ikashuka yenyewe mpaka 1/125. Milimita 800, mkononi, dirishani mwa gari lenye injini inayonguruma. Unaweza kumalizia mwenyewe.

Lakini fikiria mwanga unaliwa na nani hasa. Kioo cha mbele hakijapungua hata kidogo. Mwanga uliotoka usoni mwa simba na kuingia kwenye lenzi ni uleule, uwe na telekonveta au usiwe nayo. Kilichobadilika ni kwamba umesambazwa. Ni donge lilelile la unga: ukilisukuma chapati ikawa na upana mara mbili kila upande, eneo linakuwa mara nne na unene unabaki robo. Mwanga uliopotea kweli ni ule wa majani na mawingu pembeni, ambayo sasa hayapo kwenye picha na hukuyahitaji. Ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea kwenye vioo vyenyewe, simba hajapoteza kitu.

Maana yake ni nini kwa vitendo? Ningebaki na 1/500, nikaiacha ISO ipande mpaka 6400, chengachenga usoni mwa simba zingekuwa karibu sawa na zile za picha ya ISO 1600 iliyokatwa mpaka ukubwa uleule. Pikseli moja moja ingeonekana chafu zaidi, ndiyo, lakini kidoa kingekuwa na pikseli nyingi zaidi. Nilikuwa nimeogopa namba kwenye skrini. Kwa hofu hiyo nilinunua mtikisiko, na mtikisiko hakuna programu inayoufuta vizuri.

Jambo la tatu hulikuti kwenye tathmini yoyote inayopigwa picha ndani ya chumba au kwenye bustani yenye ubaridi: hewa. Umeshaona lami mchana wa jua kali inavyoonekana kama ina maji mbele. Mazigazi yale na picha zangu mbovu wana mama mmoja. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake inapanda kwa mapovu yenye joto tofauti, na mwanga unapinda kila unapotoka povu moja kwenda jingine. Kwenye uwanda wa nyasi fupi, saa tano na nusu, kati yangu na yule simba kulikuwa na mita 100 za supu. Telekonveta inaikuza supu sawasawa na inavyomkuza simba. Picha zangu chache ambazo bahati ilizinusuru na mtikisiko zinaonyesha hilo wazi: mstari wa sharubu umepinda hivi kwenye moja, na kwenye inayofuata, iliyopigwa chini ya sekunde moja baadaye, umepinda vile. Kidoa kimoja kinagawanyika viwili halafu kinaungana. Ukimtambua simba kwa picha kama hiyo, umemtunga.

Mzee aliyekuwa akituendesha alinitazama nikihangaika, akasema, "Kijana, jua likishapanda, simba wa mbali ni moshi. Ungeamka." Nilikuwa nimeamka, mzee, ila nilikuwa nachaji betri.

Fokasi ya kujiendesha nitaipitia haraka maana tatizo lake linaondoka. Kamera nyingi za zamani zenye kioo cha ndani zilihitaji f/5.6 au angalau f/8 ili zijitafutie fokasi. Kwa f/11 zinakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyepotelewa na funguo. Yangu ni ya kundi hilo. Kamera mpya zisizo na kioo hicho zinamudu f/11 bila shida kubwa, na mwaka 2020 Canon walithubutu hata kuuza lenzi za milimita 600 na 800 ambazo f/11 ndiyo tundu lake pekee.

Hukumu yangu basi, kwa anayetaka kutoa hela. Ya 1.4x kwenye lenzi nzuri isiyovuta, yenye f/2.8 au f/4, ni kifaa cha heshima. Watengenezaji wenyewe wanaiamini kiasi cha kuijenga ndani ya lenzi, kama Canon walivyofanya kwenye EF 200-400mm mwaka 2013 na Nikon kwenye Z 400mm f/2.8 na Z 600mm f/4 mwaka 2022. Ya 2x ina mahali pake, kwenye f/2.8, gari limezimwa, lenzi imelazwa juu ya mfuko wa mchele. Kwenye lenzi ya kuvuta ya f/6.3, hapana. Vile vya kufunga mbele ya lenzi, vinavyouzwa na kijipochi cheusi, usivisogelee kama kazi yako ni kusoma kitu kwenye picha. Na ukikuta kwenye menyu ya kamera chaguo linaloitwa telekonveta ya dijitali, hiyo ni kukata picha tu, jambo ambalo ungelifanya kwenye kompyuta ukiwa umekaa.

Kabla ya kununua, azima. Chapa karatasi yenye vidoa vya milimita 2, 3 na 5, ibandike kwenye ukuta wa jirani aliye mita 100, umwombe ruhusa kwanza. Piga saa moja asubuhi, rudia saa saba mchana, kwa telekonveta na bila, kasi ileile ya shata. Kata picha zilingane ukubwa. Mimi nilifanya baada ya safari, ndiyo kosa langu. Asubuhi, 1.4x ilinipa vidoa vya milimita 2 ambavyo bila yake nilikuwa nabahatisha, na 2x haikuniongezea kitu nilichoweza kukitaja. Mchana picha zote zilikuwa moshi, kama mzee alivyosema.

Msimamizi wangu aliuliza mara moja tu kama ule mstari wa "hajulikani" tuufute. Tumeuacha. Safari ijayo natoka kambini saa kumi na mbili, na 1.4x ya kuazima, na betri nazichaji usiku.