Pongezi kwa Wanaobisha Hodi Manga

Asubuhi huku Manga, ukungu ukiwa bado umeufunika mji wa Kisii kule chini, mhudumu wa afya ya jamii huwa tayari yuko njiani kati ya migomba na mashamba ya chai. Mkobani ana kipimajoto, mashine ya kupima shinikizo la damu na mzani. Ila kifaa chake kikubwa ni sikio. Anabisha hodi, anaketi, anauliza taratibu: "Mama, siku hizi usingizi unakuja?"

Swali hilo huokoa maisha, kwani ugonjwa usiotambuliwa huweza kuitwa uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa wakidaiwa kuwa wachawi. Ajuza anayepotea njia usiku au kuzungumza peke yake huenda ana maradhi ya kusahau. Anahitaji matunzo na subira, si kiberiti. Anayeyaeleza haya mlango kwa mlango anastahili heshima yetu.

Watetezi wa afya ya akili nao tuwashukuru. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili ni miongoni mwa waliopeleka kilio hicho mahakamani. Mgonjwa ni wa kutibiwa, si wa kufungwa pingu.

Hongereni nyote. Nawe msomaji, jirani yako akikaa kimya siku nyingi, usimngoje mhudumu. Bisha hodi.