Celica ya magurudumu mawili iliwezaje matope ya Safari?

Mvua ya masika ikishanyesha usiku kucha kutoka ziwani, vichochoro vya Kiseke, Mwanza, vinavyopanda kuelekea kwenye mawe havichelewi kutoa hukumu. Toyota IST ndogo yenye tairi nzuri inapanda taratibu mpaka juu. Nyuma yake inakuja Mark X ya silinda sita, yenye nguvu karibu mara mbili. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, matako ya gari yanakwenda upande, na tairi za nyuma zinachimba mashimo mawili mekundu.

Kinachotokea pale kinaweza kupigiwa hesabu. Injini ya Mark X ya lita 2.5 inatoa torki ya takriban niutoni-mita 260. Gia ya kwanza inaizidisha kama mara tatu na nusu, kisha difu inaizidisha tena karibu mara nne. Dereva akikanyaga hadi chini, msukumo unaofika ardhini unaweza kuzidi uzito wa kilo 1,000. Sasa tazama upande wa mshiko. Gari lina kilo 1,500 hivi, na magurudumu ya nyuma yamebeba karibu nusu yake. Kwenye lami kavu tairi nzuri itapokea msukumo wa asilimia 80 au 90 ya mzigo ulio juu yake. Kwenye changarawe iliyolowa huenda ikapokea theluthi tu, yaani kilo 250. Kinachozidi hapo hakilisogezi gari hata hatua moja; kinaishia kuzungusha mpira kwenye tope.

Tena kuzunguka bure kuna gharama nyingine. Tairi hushika vizuri kuliko wakati wowote linapoteleza kidogo: kwenye lami, kilele hufikiwa gurudumu linapozunguka kwa kasi inayoizidi ya gari kwa asilimia 10 hadi 20. Likipita hapo mshiko unashuka, na unashuka pande zote. Tairi lina akiba moja tu ya mshiko, ambayo hugawanywa kati ya kusukuma mbele na kuzuia gari lisihame upande. Ikitumika yote kusukuma, matako yanaachwa bila mwenyewe. Ndiyo maana gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likianza kuspini kwenye kona hutaka kugeuka lilikotoka.

Jambo hili lilipimwa hadharani Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati huo yalikuwa yamebaki Kenya peke yake. Yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, kwa zaidi ya kilomita 4,000. Audi ilikuwa imeingiza Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne (foo wili), katika mashindano ya dunia mwaka 1981, na wengi walikwishakubali kwamba enzi za kusukuma kwa magurudumu mawili zimepita. Toyota ikaja na Celica Twincam Turbo: nguvu za farasi zaidi ya 300, zote zikienda nyuma. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda, na Quattro ya Hannu Mikkola ikawa ya tatu. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen, kijana wa Kifini aliyekuwa akishiriki Safari kwa mara ya kwanza, na Waldegård akawa wa pili. Mwaka 1986 Kankkunen alirudi na Peugeot 205 Turbo 16, gari la foo wili lililokuwa likitawala dunia. Waldegård akashinda tena kwa Celica ile ile ya magurudumu mawili.

Sehemu ya jibu ni uimara. Foo wili ya wakati ule ilikuwa na difu zaidi, shafti zaidi na uzito zaidi, na Safari ilikuwa na siku nyingi za kuvunja kila kilichozidi. Injini ya Quattro pia ilikaa mbele ya ekseli ya mbele, hivyo pua yake ilikuwa nzito. Lakini gari imara lenye nguvu zote hizo nyuma bado linaweza kuishia mtaroni, na hapo ndipo mguu wa dereva unapohusika. Waldegård, Msweden aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva mwaka 1979, alitoka kwenye shule ya theluji na barafu. Shule hiyo inafundisha kuligeuza gari kabla ya kona, ili pedali ikanyagwe magurudumu yakiwa yameshaanza kunyooka, wakati akiba ya mshiko haidaiwi tena na upande. Turbo za enzi hizo zilichelewa kisha zikaleta nguvu kwa mkupuo, hivyo dereva alilazimika kukanyaga mapema na kuachia mapema, akiisoma ardhi iliyo mbele yake.

Foo wili ilikuja kushinda Safari mwaka 1987, kwa Audi 200 Quattro ya Mikkola, na baada ya hapo haikurudi nyuma. Faida yake ni ya kweli: mzigo wote wa gari unakuwa juu ya magurudumu yanayosukuma.

Kazi ya mguu wa Waldegård leo imepewa kompyuta. Katika Mark X na Crown nyingi za Mwanza inaitwa TRC. Vihisio vya ABS hupima kasi ya kila gurudumu. La nyuma likizidi yale ya mbele, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kulifunga breki gurudumu linalozunguka bure. Breki hiyo ina maana kubwa, kwa sababu difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu moja torki kubwa kuliko ya mwenzake. Moja likiwa hewani au kwenye tope, la pili nalo linakosa nguvu. Breki inalipa lile la hewani kitu cha kupambana nacho, na mwenzake anapata kazi.

Kwenye tope zito mfumo huo huo unaweza kukwamisha: unakata nguvu kila tairi linapojaribu kuchimba kufikia ardhi ngumu. Hapo kitufe cha TRC OFF kina kazi, kwa mita chache tu. Kitufe cha SNOW kilicho karibu na gia, ambacho wengi hawajawahi kukigusa kwa kuwa Kiseke hakuna theluji, hulainisha mwitikio wa pedali na kinafaa sana kwa kuondokea kwenye utelezi.

Hakuna kati ya vitufe hivyo kinachoongeza mshiko. Vinagawa ule uliopo. Mark X yenye TRC nzima na tairi kipara itatii kompyuta kikamilifu, na bado itabaki chini ya mlima. Fedha ya kwanza ya mwenye gari la namna hiyo, kabla ya masika, iende kwenye tairi mbili za nyuma.